Jinsi ya Kupanga Safari ya Rwenzori: Vituo, Saa na Kimo

Katika toleo lililopita mhariri aliandika kwa kifupi kwamba safari ya chama chetu cha kupanda milima iliishia Bujuku, na kwamba wote walirudi salama. Maneno hayo ni kweli, lakini ni machache mno. Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa safari ile, na mimi ndiye niliyeandika ratiba yake. Nimemwomba mhariri anipe nafasi nieleze jinsi safari ya Rwenzori ipasavyo kupangwa, kituo kwa kituo, na mahali nilipokosea. Wadogo zetu wa chama wanataka kwenda mwezi wa Januari, na ramani watakayoitumia, iliyo katika maktaba, bado ina alama za penseli yangu. Ningependa wazifute.

Kwanza nieleze mlima wenyewe, maana makosa mengi huanzia hapo. Watu husema "Mlima Rwenzori" kama wasemavyo Mlima Kilimanjaro, wakidhani ni mlima mmoja uliosimama peke yake. Sivyo. Rwenzori ni safu ya milima yenye urefu wa kilomita kama 120, katika mpaka wa Uganda na Kongo. Haikutokana na moto wa volkano, bali ni jabali la kale sana lililoinuliwa juu wakati Bonde la Ufa lilipopasuka. Ndani ya safu hiyo mna milima mikubwa sita: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia, na kila mmoja una vilele vyake. Kilele cha juu kabisa ni Margherita katika Mlima Stanley, chenye meta 5,109, nao mlima huo ni wa tatu kwa kimo katika Afrika nzima, baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya.

Wageni wamewapa vilele hivi majina ya wasafiri na ya wafalme wao. Mwaka 1906 mwanamfalme wa Italia, Luigi Amedeo, Mtawala wa Abruzzi, alivipanda vilele vikubwa na kuchora ramani, na Margherita lilikuwa jina la malkia wao. Sisi Bakonzo tulikuwa na jina letu, Rwenzururu, yaani mahali pa theluji, na bibi yangu mpaka leo hasemi jina la Kitasamba, mwenye kukaa huko juu, bila kushusha sauti. Lakini hayo ni ya makala nyingine. Niseme tu kwamba mizigo ya Mwitalia yule haikupanda yenyewe.

Sasa, kwa nini nasema kwamba jambo la kuwa milima mingi lina maana katika kupanga safari? Katika mlima mmoja, kama Kilimanjaro, mtu akiugua hugeuka nyuma, na karibu kila hatua humpeleka chini. Rwenzori si hivyo. Njia yake ya kawaida ni ya kuzunguka: unaingia kwa bonde la mto Bujuku, unapita kati ya milima kwa milango miwili iliyo juu sana, kisha unatoka kwa bonde la mto Mubuku. (Nikisema mlango, nina maana ya mahali pa chini kidogo kati ya vilele viwili, ambapo mtu aweza kuvuka kutoka bonde moja hadi lingine.) Kwa hiyo kuna sehemu za safari ambapo njia ya kwenda nyumbani hupanda kwanza. Shikeni neno hilo, nitalirudia.

Tuanze kuhesabu vituo. Safari huanza Nyakalengija, karibu na Ibanda, kilomita kama 22 kutoka mji wa Kasese, mahali penye kimo cha meta 1,646. Hapo ndipo penye ofisi ya hifadhi, na hapo mizigo hupimwa kwa mizani na kugawiwa wapagazi. Hakuna ruhusa ya kupanda bila kiongozi. Siku ya kwanza hupita mashamba, kisha msitu, kisha kilima kirefu kinachotoa jasho, mpaka Nyabitaba, meta 2,651.

Siku ya pili njia huteremka ghafla hadi Daraja la Kurt Schäfer, hapo mito ya Bujuku na Mubuku inapokutana, halafu hupanda katika mianzi yenye utelezi. Wengi hula chakula cha mchana penye kibanda cha zamani cha Nyamileju, meta 3,322, kisha huendelea katika nchi ya ajabu ambapo mimea tuijuayo kuwa vichaka vidogo huwa miti mizima, nayo imening'iniza ndevu za kuvumwani mpaka chini. Usiku hulaliwa katika kibanda cha John Matte, meta 3,505. Huyu alikuwa Mkonzo mwenzetu, aliyewasaidia watu wa Klabu ya Milima ya Uganda kupata na kuongoza wapagazi. Nafurahi kwamba jina moja katika ramani ile ni la mtu wa hapa.

Siku ya tatu ni siku ya matope. Kuna vinamasi viwili vya Bigo, cha chini na cha juu. Siku hizi pana madaraja ya mbao juu ya sehemu kubwa ya vinamasi hivyo, lakini mbao huoza na nyingine huzama, na mguu ukikosa ubao, utope hufika gotini. Baada ya hapo hulionekana ziwa la Bujuku, jeusi na tulivu, Mlima Baker upande mmoja na Stanley upande wa pili, na kibanda cha Bujuku kiko meta 3,962.

Kutoka Bujuku njia hugawanyika. Wanaotaka Margherita hulala Elena, meta 4,541, juu ya mwamba mtupu, wakaondoka saa 8 au saa 9 usiku wakiwa na kamba, shoka za barafu na vyuma vya kufunga chini ya viatu. Wasiotaka kilele, kama sisi, huvuka Mlango wa Scott Elliot, meta 4,372, wakashuka Kitandara, meta 4,023, penye maziwa mawili ambayo kila mpandaji huyasifu. Kesho yake huvuka Mlango wa Freshfield, meta 4,282, hupita pango la Bujongolo ambako Mtawala wa Abruzzi aliweka kambi yake kuu, na hulala kibanda cha Guy Yeoman, meta 3,261, chenye jina la Mwingereza aliyeandika kitabu juu ya milima hii mwaka 1989. Kutoka hapo ni kushuka tu, kwa magoti yanayolia, mpaka Nyabitaba, kisha Nyakalengija.

Vibanda vyote hivi ni nyumba za mbao zenye vitanda vya ghorofa. Si hoteli. Godoro laweza kuwako, moto wa kukausha nguo waweza usiwako, na watu wa safari nyingine waweza kuwa wamewahi kitanda. Kwa hiyo usiku wa kila kituo hupangwa mapema na ofisi ya viongozi, si siku mnapofika.

Sasa hesabu. Mwaka 1892 Mskoti mmoja, William Naismith, alitoa kanuni ya kukadiri mwendo wa milimani: saa 1 kwa kila kilomita 5 za njia, na saa 1 zaidi kwa kila meta 600 za kupanda. Tuitie katika siku ya kwanza. Njia ni kama kilomita 10, basi saa 2. Kupanda ni 2,651 kutoa 1,646, yaani meta 1,005, basi saa 1 na dakika 40. Jumla saa 3 na dakika 40. Sisi tulitumia saa 5, na viongozi husema hiyo ndiyo kawaida ya watu wenye mizigo. Kwa hiyo katika msitu ongezeni theluthi moja.

Lakini kanuni hii hufa katika kinamasi. Kutoka John Matte hadi Bujuku kupanda ni meta 457 tu, na hata ukikadiri njia kuwa kilomita 6, Naismith atakuambia saa 2. Sisi tulitumia saa 5 na zaidi kidogo. Ramani haina rangi ya utope wa gotini. Huko ni afadhali kumwuliza mpagazi kuliko kumwuliza mwalimu wa hesabu (naye anisamehe). Na kumbukeni kwamba giza huingia karibu saa 1 jioni mwaka mzima, na ndani ya bonde hutangulia, na mvua hupenda mchana. Ukiondoka saa 2 asubuhi, unayo nafasi. Ukiondoka saa 5 kwa sababu uji haujaiva, huna.

Hesabu ya saa nilikuwa nimeifanya vizuri. Ningali nayo katika daftari, safi kabisa, na mwalimu wa jiografia aliniandikia "vema". Hesabu niliyoiacha ni ya kimo cha kulala.

Mwili wa mtu aliyezaliwa chini hauwezi kuzoea hewa ya juu kwa siku moja. Bujuku uzito wa hewa ni kama sehemu 6 tu katika 10 za ule wa pwani. Margherita ni zaidi kidogo ya nusu. Moyo hupiga mbio, mtu hupumua kwa haraka hata amelala. Akipewa muda, mwili hujirekebisha. Kanuni ya waganga wa milimani ni kwamba mtu akishapita meta 3,000, asilale juu ya mahali alipolala jana kwa zaidi ya meta 500, na kila baada ya siku tatu au nne alale tena palepale apumzike. Angalieni kwamba kanuni yahusu mahali pa kulala, si mahali pa kutembea. Mchana waweza kupanda juu na kurudi, na kufanya hivyo humsaidia mtu.

Wekeni vituo vyetu katika kanuni hiyo. Kutoka Nyabitaba hadi John Matte ni meta 854. Tayari tumezidi, na kibanda kingine cha kufaa kati yake hakuna. Kutoka John Matte hadi Bujuku ni meta 457, hiyo ni halali. Kutoka Bujuku hadi Elena ni 579, imezidi kidogo. Basi njia yenyewe, kwa jinsi vibanda vilivyojengwa, humpandisha mtu upesi mno siku ya pili, na dawa yake ni moja tu: usiku wa ziada. Katika ratiba yangu ya kwanza niliweka usiku wa ziada Bujuku. Kisha wanachama wawili walijiondoa, na gharama ya kiongozi na ya chakula ikabaki kwa watu wachache. Hifadhi hulipwa kwa siku, kwa kila mtu. Jioni moja, mbele ya mwalimu wetu, nilichukua penseli nikaufuta usiku ule, nikasema, "Sisi ni vijana wa milimani, tutazoea njiani." Hakuna aliyepinga. Kuzaliwa Kasese, jamani, si kuzaliwa Bujuku! Shule yetu haifiki hata meta 1,500.

Tulikuwa wanafunzi saba na mwalimu mmoja. Usiku wa pili, John Matte, rafiki yangu mmoja (ameisoma makala hii, akaniruhusu, ila hataki jina) aliniambia kwamba kichwa kinamgonga. Nikamwambia anywe chai. Akaniomba nisimwambie mwalimu, asije akamrudisha peke yake. Nikakubali. Nataka nilieleze jambo hili waziwazi: sikukubali kwa urafiki tu. Ratiba yangu haikuwa na nafasi ya kichwa kuuma. Angebaki mmoja, kiongozi mmoja angebaki naye, na mpango wote ungevunjika, nami ndiye mwenye mpango.

Siku ya tatu alitembea wa mwisho katika vinamasi, akakataa mkate. Usiku, Bujuku, alitapika mara mbili. Asubuhi mwalimu alidhani ni chakula. Lakini kiongozi wetu, mzee aliyepanda milima hii tangu ujana wake, alimtazama kwa muda, akamwambia atembee juu ya ubao mmoja mbele ya kibanda, kisigino kikigusa kidole cha mguu wa nyuma, kama mtoto anavyocheza. Rafiki yangu alipiga hatua tatu akaanguka pembeni. Akacheka. Mzee hakucheka.

Mwalimu akauliza kama hatuwezi kuvuka kwenda Kitandara, kwa kuwa ratiba ilionyesha kwamba siku mbili baadaye tungekuwa Guy Yeoman, ambako ni chini kuliko Bujuku. Mzee akanigeukia mimi, mwenye ramani mkononi.

"Mwanangu, Kitandara iko meta ngapi?"

"Elfu nne na ishirini na tatu, mzee."

"Na Bujuku?"

"Elfu tatu mia tisa sitini na mbili."

"Basi huyu hapandi. Anashuka, na anashuka sasa hivi, kwa njia aliyokuja nayo. Na ninyi wote pamoja naye, maana viongozi ni wawili tu."

Hapo ndipo nilipoielewa ramani niliyokuwa nimeichora kwa mkono wangu. Ningependa kila msomaji afungue ramani aangalie Kitandara. Ni mahali pazuri kuliko pote, tena ni mtego. Ukiwa pale, nyuma yako ni Mlango wa Scott Elliot, meta 349 juu ya kitanda chako. Mbele yako ni Mlango wa Freshfield, meta 259 juu ya kitanda chako. Bonde liko wazi upande mmoja tu, upande wa Kongo, ambako hakuna wapagazi wanaokungoja. Mtu akiugua Nyabitaba, John Matte au Bujuku, hushuka. Mtu akiugua Kitandara, hapana budi apande kwanza ndipo ashuke, na kupanda ndiko kunakomdhuru. Kwa hiyo kituo cha kuamua safari iendelee au irudi si Kitandara. Ni Bujuku, jioni, kabla ya kulala, na tena asubuhi. Katika ratiba yangu palikuwa na majina ya vituo, saa, na vyakula. Hapakuwa na mstari hata mmoja wenye neno "turudi".

Alibebwa nusu ya njia. Wapagazi walifunga nguzo mbili na mablanketi, wakapokezana katika vinamasi vya Bigo, wao wenyewe wakitembea utopeni ili mbao wapite wenye kumshika. Mmoja wao ni baba yangu mdogo. Hakusema nami neno siku nzima. Tulipita John Matte bila kulala, tukafika Nyabitaba usiku kwa taa. Asubuhi, katika meta 2,651, rafiki yangu aliamka akauliza kama kuna viazi. Hivyo ndivyo ugonjwa huu ulivyo: hauna dawa iliyo bora kuliko kushuka, na ukishuka mapema huondoka kama ulivyokuja. Ukichelewa, maji huweza kujaa katika mapafu au ubongo kuvimba, na watu hufa. Dalili za kuogopa ni hizi: kukohoa na kukosa pumzi hata mtu akiwa ameketi, kuyumba, kusema ovyo, kulala bila kuamshika. Hapo hakuna kungoja kuche.

Fedha tulizookoa kwa kufuta usiku mmoja zilitumika zote kwa gari la kutupeleka Kasese na malipo ya ziada kwa waliobeba. Zilipungua, tukakopa.

Niseme machache juu ya vitu vingine vya kupanga. Maharage msichukue, isipokuwa yaliyokwisha kupikwa. Kadiri upandavyo ndivyo maji yachemkavyo mapema. Hupungua kama digrii 1 kwa kila meta 300, kwa hiyo Bujuku maji hutokota kwenye digrii 87 hivi, nayo maharage hukaa sufuriani mpaka mafuta ya jiko yaishe. Sisi tulijaribu. Unga, viazi, mchele, karanga, sukari na samaki wakavu ndivyo vyakula. Kuni msikate, miti ile hukua polepole mno, na sheria ya hifadhi yakataza. Mlima huu ni hifadhi ya taifa tangu 1991, na tangu 1994 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Viatu: buti za mpira, ndefu mpaka chini ya goti, ndizo zipitazo viatu vyote vya ghali mpaka Bujuku. Nguo za kulalia zifungwe katika mfuko wa plastiki, zisiguswe mchana hata ukilowa namna gani. Kwa kila meta 1,000 baridi huzidi kwa digrii kama 6 na nusu. Ikiwa Nyakalengija ni digrii 25, Elena itakuwa 6 mchana huohuo, na usiku maji huganda ndooni. Miezi iliyo mikavu zaidi ni kutoka katikati ya Desemba hadi Februari, na tena kutoka Juni hadi Agosti. Nimesema "mikavu zaidi", sikusema mikavu.

Kaka zetu waliopanda zamani wanisamehe nikisema kwamba wasiwaeleze wadogo habari za barafu kwa kumbukumbu. Katika maktaba tunacho kitabu cha mwongozo cha Osmaston na Pasteur cha mwaka 1972, nacho ni kizuri sana kwa mabonde na majina, lakini mahali kinapoonyesha barafu, siku hizi aghalabu pana mwamba mtupu wenye utelezi. Mwaka 1906 palikuwa na mito ya barafu 43 katika milima ile sita. Mwanzoni mwa karne hii barafu yote ikiwekwa pamoja haikufika kilomita moja ya mraba, na imezidi kupungua tangu hapo. Iliyobaki ni mabaki tu, hasa katika Mlima Stanley. Kwa hiyo njia ya Margherita hubadilika, ngazi na kamba huhamishwa, na mwongozo wa kweli ni mtu aliyepita huko mwezi uliopita. Mito nayo hubadilika. Waliokuwa Kilembe mwezi Mei 2013, mto Nyamwamba ulipofurika, au tena Mei 2020, hawahitaji kuelezwa.

Kilembe pia kuna njia, iliyofunguliwa baada ya ile ya Nyakalengija, yenye kambi nyingi zaidi kabla ya kufika juu. Ni ndefu, na kwa hiyo mwili hupata muda. Kama fedha zingekuwako, ningeichagua kwa wanafunzi. Upande wa Kongo watu hupanda kutoka Mutwanga kwa vibanda vya Kalonge, Mahangu na Kiondo, lakini hiyo hutegemea hali ya amani, na hatuwezi kuipanga kutoka hapa. Hata upande wetu hifadhi ilifungwa miaka kadhaa kwa sababu ya vita, ikafunguliwa tena mwaka 2001.

Basi, hii ndiyo ratiba ninayowapa wadogo zetu, nami nimeipitisha kwa mzee yule, akaisoma mara mbili. Usiku mmoja Nyabitaba. Usiku wa pili na wa tatu John Matte. Siku ya katikati watembee mpaka Bigo ya juu bila mizigo, warudi kulala. Usiku wa nne na wa tano Bujuku. Siku ya katikati wapande kidogo kuelekea Mlango wa Scott Elliot, warudi. Jioni ile ya tano kila mtu atembee juu ya ubao mbele ya wenzake wote, mwalimu pia, aseme kwa kinywa chake kama kichwa kinauma. Yeyote akisema ndiyo, wote hurudi kwa njia ya kwanza, na siku za kurudi zimekwisha kuhesabiwa katika chakula. Kama hakuna, usiku wa sita Kitandara, wa saba Guy Yeoman, na siku ya nane nyumbani. Chakula kiwe cha siku tisa. Viongozi wawe watatu, ili mmoja aweze kushuka na mgonjwa bila kusubiri wengine.

Hiyo ni nyusiku saba badala ya tano zangu, nayo ni ghali. Chama kina nusu ya fedha. Wanafunzi wa zamani walioahidi kusaidia wajue kwamba mablanketi tunayo ya kutosha. Kinachokosekana ni malipo ya hifadhi kwa nyusiku mbili zile. Na mwenye picha za zamani za Stanley au Speke, zenye mwaka nyuma yake, tunaomba atuazime, tuziweke ukutani kando ya ramani.

Ramani yenyewe iko katika maktaba, meza ya pili. Kifutio nimekiacha juu yake.